Vidole Vitatu vya Bitutu

Bitutu alipoanza kumenya njugu kwa meno, alijiambia ni haraka ya soko tu. Mtu wa miaka sabini na mbili, shemasi mkuu wa akina mama katika kanisa la Sabato pale Rodi Kopany, amejificha nyuma ya magunia akitafuna maganda kama panya, na bado anajidanganya! Ukweli alikuwa anaujua. Katika mkono wake wa kulia, gumba, kidole cha shahada na kile cha kati vilikuwa vimekufa ganzi. Njugu akiishika aliiona kwa macho, lakini vidole havikumpa habari yoyote.

Mwanzoni mkono ulikuwa ukiwaka moto, hasa alfajiri, akawa anaamka na kuukung'uta mpaka kitanda kinalia. Kisha maumivu yakapungua yenyewe. Akamshukuru Mungu, akidhani amepona. Kumbe maumivu yalikuwa yanaondoka na kila kitu. Vifungo vya blauzi vikamshinda, akaanza kuvaa nguo za kupitisha kichwani. Kutunga uzi kukamshinda, akasingizia macho. Kwa kila jambo alikuwa na jibu, na hakuna aliyeambiwa habari za mkono, hata binti yake Nyanchama mwenye duka la dawa za mifugo huko Migori.

Utauliza, mtu mzima anaficha mkono wake wa nini? Aliuficha kwa sababu ya ushemasi. Kazi yenyewe haina mshahara wala kiti cha mbele. Ni kufua vitambaa vya Meza ya Bwana, kupanga vikombe, na kuchemsha maji ya kutawadhana miguu kila robo ya mwaka. Lakini Bitutu alikuja Rodi akiwa mke wa fundi baiskeli kutoka Kisii, hajui hata neno moja la Dholuo, na kanisa lile ndilo lililomfanya awe mtu wa pale. Fundi alishakufa. Watoto walishatawanyika. Akivuliwa ushemasi, alijiona atabaki bibi mgeni anayeuza njugu kando ya barabara, basi.

Na aliyemkaribisha kanisani mara ya kwanza, akamshika mkono hadi ndani, alikuwa Milka. Milka alikuwa Mjaluo wa pale pale, mcheshi, mdomo wake hauna kufuli. Miaka thelathini na moja walifanya biashara pamoja: Bitutu anamenya, Milka anakaanga. Milka alimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, na Bitutu alimwita Mama Chrispine. Soko zima liliwahesabu kuwa mtu mmoja.

Basi katika kikao cha mashemasi cha mwezi wa pili, Milka akasimama.

"Dada zangu, mimi kuficha kitu siwezi. Dada Bitutu ameangusha trei ya vikombe mara mbili sasa. Amechoka. Tumpe mapumziko ya heshima, Dorah ashike hiyo kazi. Ama namna gani?"

Dorah, ambaye alikuwa shemasi mdogo kuliko wote, akainamisha macho. Bitutu akahisi uso unawaka.

"Trei ilikuwa na maji," alisema. "Hapa nani hajawahi kuangusha kitu? Ama ni mimi peke yangu napimwa?"

Hakuna aliyeinua mkono kumuunga Milka, na kazi ikabaki kwake. Lakini tangu siku hiyo hakumsemesha Milka. Ungewaona sokoni ungecheka kama si kuhuzunisha: mmoja anakaanga, mwingine anamenya, kati yao karai la njugu na kimya cha wiki sita. Kilichomkera Bitutu si kwamba Milka alisema uongo. Kilimkera kwa sababu Milka alisema kweli mbele ya watu.

Ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Kwa Waadventista mkate hauliwi mpaka watu wametawadhana miguu, wanaume kwao na wanawake kwao, wawili wawili. Na iko desturi ambayo hakuna aliyeiandika: ukiwa na kinyongo na mtu, chukua beseni umwendee yeye. Ukimwinamia, umemaliza. Bitutu alilala na jambo hilo juma zima. Asubuhi ile, akina mama walipoingia katika darasa la watoto lililo nyuma ya kanisa, alipiga moyo konde, akachukua beseni na taulo, akavuka chumba kizima hadi kwa Milka.

"Mama Chrispine, nikuoshe?"

"Yawa!" Milka alisema, na macho yake yakajaa machozi hapo hapo. "Nyar Kisii, mimi nimekungoja wiki ngapi?" Akavua viatu.

Maji yalikuwa kwenye ndoo karibu na mlango. Utaratibu ulikuwa kuchanganya ya moto na ya baridi ndani ya ndoo kwanza, halafu kuchota. Siku hiyo ndoo moja ilikuwa haijatiwa maji ya baridi, na mvua iliyonyesha asubuhi ilikuwa imetia chumba giza, mvuke hauonekani vizuri. Bitutu akachota kwenye hiyo. Akapiga magoti. Akachovya ncha za vidole, gumba, shahada na cha kati, kama alivyofanya kila robo kwa miaka yote. Wote walimwona.

"Maji iko sawa," alisema. "Weka mguu."

Milka akaweka mguu wa kulia, wote, kwa uzito wa mtu anayemwamini mwenzake.

Ukelele ule ulisikika hadi upande wa wanaume. Beseni likapinduka. Mmoja alitaka kumpaka dawa ya meno, mwingine yai, ila Dorah kwa bahati alikuwa na akili, akammiminia maji ya baridi jagi baada ya jagi mpaka gari lilipopatikana. Ngozi ya juu ya mguu ilikuwa imeshavimba malengelenge. Wakati wanamwinua, Milka alimtazama Bitutu usoni.

"Ulitia mkono wako mwenyewe," alisema. "Ukaniambia iko sawa."

Bitutu alifungua mdomo. Lilikuwa neno moja tu la kusema: ganzi. Akaokota beseni.

Watu nao hawakukosa ya kusema. Walikumbushana kikao cha mwezi wa pili. Walihesabu wiki za kimya. Amemwendea na beseni mbele ya watu, amemwinamia, kisha akamchoma! Na mkono wake mwenyewe ulipita kwenye maji yale yale, hakushtuka, hakukunja hata uso. Mkono gani huo? Swali hilo la mwisho lilisemwa kwa sauti ya chini, na Bitutu, mjane mzee, mgeni, alijua vizuri linakoelekea. Baraza la kanisa likamwomba akae kando na ushemasi mpaka jambo lisikizwe. Mzee wa kanisa, Javan, mwalimu mstaafu asiyependa ugomvi, ndiye aliyemletea ujumbe, akikohoa baada ya kila neno.

Siku hiyo Bitutu alimpigia Nyanchama simu, akamweleza yote, na ganzi pia.

"Mama! Mkono umekufa na hukuniambia?"

"Nakuambia sasa."

"Mficha maradhi, Mama—"

"Kifo humuumbua, najua. Mimi nimeumbuliwa nikiwa hai. Nitafutie daktari aniandikie barua."

Hakuomba kupona, muelewe hapo. Aliomba karatasi.

Nyanchama akamfuata, wakashuka kupitia Rongo hadi hospitali moja ya misheni upande wa Migori, ambako daktari wa upasuaji wa mikono alifika mara mbili kwa mwezi. Jina lake Masese, kijana kutoka Kisii, mpole, kucha zake safi kama za bibi harusi. Alimwambia Bitutu akunje mikono, migongo ya viganja igusane, akae hivyo kwa dakika moja. Akagongagonga kifundo cha mkono. Akamfumbisha macho na kumgusa kwa pamba.

"Nimegusa wapi, Mama?"

"Hujagusa."

Nyanchama akaziba mdomo. Pamba ilikuwa juu ya kidole cha kati. Kisha daktari akagusa kidole kidogo, na Bitutu akakivuta mara moja.

"Hapo nimesikia!"

"Ndiyo," Masese alisema. "Kwenye kifundo kuna njia nyembamba. Kano za kukunja vidole zinapita hapo, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Njia ikibana, mshipa huo ndio unaoumia. Unahudumia gumba na vidole viwili vinavyofuata, na nusu ya hiki cha pete. Kidole kidogo kina mshipa wake, unapita kando."

Bitutu alifikiri kidogo. "Kwa hiyo, maji yale ningepima kwa kidole kidogo?"

"Ungeruka, Mama."

Kidole kidogo! Kilikuwa pale pale, kizima, kinaning'inia juu ya maji bila kazi. Alikasirika na mkono wake kama vile ni mtu aliyemsaliti.

"Hii ganzi imeanza lini?"

"Juzi juzi tu."

Daktari akamgeuza kiganja, akamwonyesha nyama ya chini ya gumba. Ilikuwa imebonyea, ngozi imelala juu ya mfupa. "Mama, hii haikukonda juzi."

Bitutu akatazama ukuta. "Miaka mitatu," alisema. Masese akaandika.

Nyanchama aliuliza lililomsumbua. "Daktari, sasa kwa miaka yake, kumpasua kuna faida? Ama tumwache tu apumzike?"

"Mimi niko hapa," Bitutu alisema. "Ulizia mbele yangu kama mtu."

Masese akacheka. "Umri wenyewe si tatizo. Ni sindano ya ganzi kwenye mkono tu, analala kwake leo leo. Tatizo ni kuchelewa. Mshipa umebanwa muda mrefu, na kwa wazee unarudi polepole. Tukikata kinachoubana, hautaendelea kufa, na nguvu za kushika zitarudi kiasi. Hisia siwezi kuahidi. Kidole kimoja huamka baada ya mwezi, kingine baada ya mwaka, na kingine hakiamki. Lakini tukiacha, ni hakika hakuna kitakachoamka."

"Niandikie kwanza," Bitutu alisema.

"Niandike nini?"

"Kwamba umekufa. Kabla hujakata. Ukishakata nitapona, nao watasema ulikuwa mzima tangu hapo."

Masese hakubishana na mantiki hiyo. Akaandika barua kwa Kiingereza, akapiga muhuri, akaitia kwenye bahasha. Nyanchama akanyoosha mkono aisome. Bitutu akamchapa kidogo.

"Hapana. Ifungwe. Itafunguliwa mbele ya Milka na Mzee Javan, asije mtu akasema binti yangu ameongeza maneno."

Ndivyo alivyojitega mwenyewe, kwa mkono wake na kwa ujanja wake.

Upasuaji ulikuwa mfupi kuliko kumenya debe la njugu. Walimfunga mpira juu ya mkono, ukambana hadi akakunja uso, wakamdunga, wakamwekea kitambaa asione. Daktari alimwuliza habari za mvua. Bitutu akamweleza mvua yote ya mwaka ule, kisha akauliza, "Mmeanza?"

"Tumemaliza, Mama. Tunashona."

Alirudi Rodi na bandeji kubwa na amri ya kuweka mkono juu, usishuke chini ya moyo. Kanisani aliketi ameuinua hivyo, na Mzee Javan alimwuliza mara mbili kama ana swali. Watu walimwamkia kwa mbali. Wengine hawakumwamkia. Baada ya wiki mbili nyuzi zikatolewa, kovu likabaki, refu kama kiberiti. Ya tatu, chungu walianza kutembea ndani ya gumba. Aliogopa kumwambia mtu asije akawaondolea baraka. Wiki ya tano alijikuta jikoni amesimama, anasugua gumba kwenye ukingo wa sufuria baridi, mara kumi, mara ishirini, analia. Ubaridi ulikuwa unaingia. Furaha yake ilikuwa kubwa, na haikuwa na wa kumpelekea, kwa kuwa mtu wa kupelekewa habari za namna hiyo alikuwa mmoja tu.

Jumapili iliyofuata baraza lilikubali barua isomwe. Walikutana nyumbani kwa Milka, watu watatu tu, Mzee Javan, Bitutu na Milka mwenyewe. Mguu wa Milka ulikuwa umepona vibaya. Alivaa kandambili kubwa ya mwanawe, na sokoni alikuwa hajarudi. Hakumpa Bitutu mkono. Alimwonyesha kiti.

Javan akachana bahasha, akavaa miwani, akasoma akitafsiri taratibu, kwa sauti ya darasani. Kwamba mgonjwa amepimwa. Kwamba mshipa wa fahamu umebanwa vibaya kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kwamba vidole vitatu havina hisia ya mguso wala ya joto, na mtu mwenye hali hiyo anaweza kutia vidole hivyo kwenye maji ya moto asijue. Bitutu alikaa wima. Kila sentensi ilimwongezea kimo.

"'Mgonjwa anasema,'" Javan aliendelea, "'hali hii amekuwa nayo kwa muda wa miaka mitatu.'" Akakunja barua. "Sasa hiyo iko wazi kabisa. Hakukusudia. Baraza litamrudishia kazi yake, na hayo maneno mengine ya barabarani yakome. Tuombe tumalize."

"Mwalimu, rudia hapo mwisho," Milka alisema.

"Wapi?"

"Hapo pa miaka."

Javan akafungua tena. "Miaka mitatu."

Bitutu alikuwa ameisahau sentensi hiyo. Wallahi, alikuwa ameisahau! Alihangaikia muhuri, alihangaikia bahasha, akasahau kwamba aliulizwa lini, naye akajibu.

Milka alimgeukia. "Mwezi wa pili nilisimama nikasema unaangusha vitu. Ulijua."

"Mama Chrispine—"

"Watu waliniona mimi ndiye nina roho mbaya. Hata mimi nilijiona. Nililia nyumbani. Na wewe ulijua." Hakupaza sauti, na Milka asipopaza sauti ni jambo la kuogopa. "Halafu ukapiga magoti ukapima maji yangu na huo mkono."

Javan akakohoa. "Dada Milka, kwa sheria ya kanisa, jambo la kukusudia—"

"Mwalimu, ngoja," Bitutu alisema.

Angeweza kuondoka na ushindi wake. Barua ilikuwa imemsafisha, kazi alikuwa ameahidiwa, na mzee wa kanisa alikuwa anatafuta pa kuweka Amina. Lakini Milka alikuwa anamtazama, na miaka thelathini na moja ya kukaa karibu na karai moja haikumwachia pa kujificha.

"Nilijua," alisema. "Nilijua hata asubuhi ile. Nilichovya vidole sababu watu wanaangalia, si kupima. Nilikuwa nabahatisha. Kila robo nilikuwa nabahatisha. Niliona aibu, Mama Chrispine. Niliona mkinitoa hapo mbele nitakuwa si mtu. Watu wanasema mimi mchawi, na mimi nikaenda kutafuta barua ya kuonyesha sina kosa. Kosa niko nalo."

Javan akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ungeniambia tu," Milka alisema. "Si kikao. Mimi. Ungeniambia, maji ningepima mimi, wewe uoshe, na hakuna mtu angejua mpaka tuzikwe."

Bitutu alilia hapo, bila kujifunika. Hakulilia jina wala ushemasi. Alilia kwa kuwa lilikuwa jambo rahisi kiasi hicho, nalo lilikuwa pale miaka yote mitatu, na gharama yake ilikuwa ngozi ya mguu wa mwenzake.

Milka alimwacha alie. Alipotosheka, alivua kandambili, akavuta kigoda, akaweka mguu juu yake kati yao wawili. Kovu lilianzia kwenye vidole hadi karibu na kifundo, jekundu pengine, jeusi pengine, limekunjamana.

"Gusa," alisema. "Na huo mkono uliopasuliwa. Halafu useme vile unasikia. Usinidanganye."

Bitutu akainama. Akaweka gumba.

"Hili linasikia. Pamekwaruza. Pana joto."

"Endelea."

Akaweka kidole cha shahada, akakitembeza polepole, macho ameyafumba. "Hiki nusu nusu. Kama nimevaa soksi."

"Na hicho kingine?"

Kidole cha kati kilikaa juu ya kovu. Alikingoja. Alikibonyeza zaidi, hadi Milka akashtuka kidogo, naye mshtuko huo aliuona tu. Kidoleni hakukuja kitu. Alijua anavyotamani kusema. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tamu, na hakuna daktari wala pamba ya kumuumbua.

"Hiki hakuna kitu," alisema. "Hakuna kabisa. Na daktari alisema labda hakitarudi."

Milka akashusha mguu, akauingiza tena ndani ya kandambili.

"Haya," alisema. "Mwezi wa saba utaniosha. Maji napima mimi."